Mlango wa Darasa la Kwanza

Mama Mwiko alipiga pasi sketi, akafuta viatu, akatoka kwenda kwenye usaili wa ualimu. Mlango ukamfuata, kama kawaida yake. Ulikuwa mlango wa chuma wa selo, na ulimwandama tangu siku alipoachiwa. Chuoni ulisimama nyuma ya darasa mpaka akapata stashahada. Nyumbani bintiye aliutumia kuanikia nguo.

Jina la Mwiko lilitokana na mwenye nyumba, aliyekuja kudai kodi kwa kung'oa mlango wa chumba alichopanga mama huyo, huku mtoto amelala ndani. Alimpiga kwa mwiko wa ugali. Mwiko ulivunjika, na kichwa cha mwenye nyumba kikavunjika kidogo, mama akafungwa.

Ofisini, mwalimu mkuu alisogeza kiti ili mlango upate nafasi. Alikuwa mtu mpole.

"Uliwahi kufungwa, mama?"

"Mara moja tu. Shule hufungwa kila muhula, mwalimu, na hufunguliwa."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akautazama mlango upande wa ndani, palipoandikwa ba be bi bo bu kwa mkaa wa jikoni.

Mama Mwiko naye akatazama. Zile jioni za gerezani! Wanawake wamebanana sakafuni, yeye akigonga chuma kwa kijiko kila mtu alipokosea. Kulikuwa na bibi mmoja aliyesoma neno lake la kwanza, "baba", akalia, halafu akauliza kama "mama" ni gumu zaidi. Hajapata tena kusikilizwa vile. Askari walimwita kwa namba. Wenzake walimwita Mwalimu.

Mwalimu mkuu alisifu mwandiko. Akasema sheria ni sheria, aliyewahi kufungwa haajiriwi, na wazazi nao wana maneno. Ila kama si usumbufu, mlango ungebaki. Darasa la kwanza halikuwa na ubao.

"Uulize wenyewe," alisema Mama Mwiko.

Alipofika getini aligeuka. Haukumfuata. Njia nzima alihisi baridi mgongoni.

Shule ilipofunguliwa, alipita hapo akienda sokoni, akasimama kwenye uzio. Watoto walikuwa wakiimba ba be bi bo bu. Mmoja akairuka bi. Chuma kikajigonga mara moja, ko, kama kwa kijiko. Mtoto akarudia, akapatia.

Kipindi kikaisha, darasa zima likasimama.

"Asante, mwalimu," wakauambia mlango.

"Kaeni," alijibu Mama Mwiko huku nje, akabadilisha kikapu mkono, akaenda zake sokoni.