Swali la Mtoto Halifutwi

Siku ile kiti cha nyuma, karibu na dirisha, alikikalia mtu mwingine.

Kilikuwa kiti cha mkufunzi wa maarifa ya jamii katika chuo chao cha ualimu, mama waliyempachika jina la Bi Kwa Nini. Tangu wiki iliyopita hakuonekana chuoni, na kila aliyeuliza alijibiwa kwa kupandishiwa mabega. Mgeni huyu alivaa shati lililonyooka kwa pasi, hana kalamu wala karatasi.

"Mimi msikilizaji tu," alisema, akatabasamu.

Zamu ya kufundisha ilikuwa ya binti wa fundi cherehani. Wenzake walikwisha kujigeuza watoto wa darasa la pili, kama ulivyo utaratibu wa somo la kuigiza: mikono juu ya dawati, sauti nyembamba. Asubuhi mama yake alimfunga kifungo cha kola akimwambia, "Mwanangu, mdomo uliponza kichwa. Fundisha yaliyoandikwa, urudi nyumbani."

Akaandika ubaoni: Watu Wanaotusaidia. Akabandika picha: daktari, zimamoto, polisi, mwalimu.

"Haya wanangu, ukipotea sokoni utamwendea nani?"

"Po-li-si!"

Mwanachuo mmoja mwenye mvi, waliyemwita Babu kwa kuwa alijiunga na chuo akiwa na wajukuu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mwalimu! Huyu amenifinya!"

"Mwongo huyo! Babu mzima anadeka!" jirani yake akadakia.

Darasa likaangua kicheko. Hata mgeni alicheka, kwa midomo tu.

"Mwalimu," Babu akaendelea kitoto, "na kama mtu hakupotea, ila alichukuliwa? Na waliomchukua ndio hao wa kwenye picha?"

Kicheko kikakatika kama uzi. Babu mwenyewe akashusha mkono polepole. Utani ulikuwa umemponyoka ukiwa na meno.

"Mtoto huyo anaitwa nani?" mgeni akauliza taratibu.

Jasho lilimtiririka Babu shingoni. Binti wa fundi angeweza kusema, "Tuache mzaha," na Babu angeachiwa mzigo wake peke yake. Lakini Bi Kwa Nini hakuchoka kuwaambia: swali la mtoto halifutwi, mwalimu akishalipokea, ni lake.

"Swali ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyempa aliulize."

"Vizuri." Mgeni akainuka, akaurudishia mlango. Nje ilinguruma injini ya gari ambalo hakuna aliyelisikia likifika. "Basi mjibu mtoto, mwalimu. Tunasikiliza."

Binti akachukua chaki. Chini ya picha ya mwalimu akaandika jina la Bi Kwa Nini, lile halisi, herufi kwa herufi. Akawageukia watoto wake wenye ndevu.

"Someni kwa pamoja, wanangu."

Kisha sauti moja nyembamba, ya Babu, ikasoma silabi ya kwanza. Ya pili wakaisoma wawili. Ya tatu ilikuwa ya darasa zima.

Mgeni akakohoa kidogo, na huko nje milango ya gari ikafunguka.