Mkanda wa Gurudumu la Bibi

"Uzi? Uzi huo nausokota nimelala, Bibi, tena huku nakoroma."

Aliyesema hivyo ni Domo. Jina hilo alipewa na watu wa nyumbani, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza sababu.

Bibi yake, kifundo cha mkono kimevimba hata kikombe hakishikiki, alimtazama kama mtu anayekagua mawingu. "Haya, bwana mkubwa. Mfumaji anakuja mchana kuchukua uzi wa mablanketi. Akiukubali wako, gurudumu langu la kusokotea ni lako na kazi ni yako. Akiukataa, linateremka bondeni kwa binamu yako."

Domo alilitaka gurudumu lile kufa na kupona. Nyumba yao ya huko juu mlimani, kwenye baridi ya kung'ata masikio, ililishwa na kuvikwa nalo miaka yote. Na huyo binamu, angelibeba huku anacheka!

Domo akaketi barazani penye mwanga. Mkono mmoja ukazungusha gurudumu, mwingine ukavuta sufu. Uzi ukatoka hapa mnene kama kamba ya mbuzi, pale mwembamba kama ahadi ya mlevi, kisha ukakatika. Mkanda unaounganisha gurudumu kubwa na kile kigurudumu kidogo cha kusokotea ukachomoka. Akaurudisha. Ukachomoka tena, akaurudisha. Mara ya tatu akaurudisha kwa hasira, ukakaa barabara, na kuanzia hapo uzi ukaja sawasawa kama wa dukani. Domo akaanza kupiga mluzi.

Mfumaji, mama wa maneno machache, alifika akaushika. "Mzuri," akasema. Kifua cha Domo kikapanda. Kisha mama yule akachukua ncha ya uzi aliousokota Bibi kabla mkono haujavimba na ncha ya uzi wa Domo, akazisokota pamoja pajani, kama afanyavyo kabla ya kufuma. Wa Bibi ukatulia. Wa Domo ukajikunja vifundo vifundo kama mkia wa nguruwe.

"Huu umesokotwa kinyume," alisema. "Haufumiki na ule."

Bibi akainama kwenye gurudumu. Mkanda ulikuwa umepishana katikati, umbo la namba nane, ukikizungusha kigurudumu kidogo kinyume. "Nani kaupitisha hivi?"

Domo hakupepesa jicho. "Nimeukuta hivyo hivyo, Bibi. Sikulaumu, na mkono wenyewe huo..."

"We mtoto wa kaka!" Ilikuwa sauti ya shangazi yake, aliyekuwa uani akifua sufu tangu asubuhi. "Usimsingizie mama yangu! Mkanda ulipochomoka mara ya tatu uliutukana mpaka kondoo wakageuka, ukaurudisha umepishana kama miguu ya mtu aliyebanwa na mkojo. Nikataka kukwambia, lakini bwana ulikuwa kwenye mluzi."

Bibi akanyoosha mkono wake mzima, akampa Domo simu.

"Wewe mwenye macho ya kijana, hebu nitafutie namba ya binamu yako."