Mahari Yenye Namba ya Tanzania

Ungemwona Ndesario akipanda kwenda Ronge, kijiji cha milima ya Taita, mwaka ule wa themanini na tano, ungedhani ni mtu aliyestarehe. Alikuwa Mchaga wa Moshi, fundi wa kuchomelea vyuma katika shamba la mkonge karibu na Voi. Aliishi Kenya kwa kibali, na pikipiki yake nyekundu, yenye namba ya Tanzania, ilivuka mpaka wa Taveta kwa kibali chake pia: aiendeshe yeye peke yake, asiiuze, asimpe mtu, na muda ukiisha aitoe nchini. Basi mtu na akili zake timamu akaenda akaitoa mahari!

Si kwamba alipenda. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe, na Mzee Mwandawiro, baba yake Jedidah, msichana aliyemposa, alikataa katakata kumwoza binti bure. "Hiyo pikipiki ndiyo ng'ombe wangu," akasema. "Nakuachia unifugie." Huko milimani watu hufanya hivyo na mifugo: ng'ombe ni wako, lakini analala kwa mwenzako, na maziwa anakunywa yeye. Ndesario akaona hapo amepona. Mke anapata, na pikipiki anaendelea nayo. Nani angejua?

Jumamosi akaja kumchukua mkewe. Wazee wameketi uani, sanduku la Jedidah liko mlangoni. Mara Landrova ya kastamu ikasimama; maafisa wa forodha walikuwa wakizunguka wilaya nzima kukagua vyombo vya usafiri vya kigeni.

"Pikipiki hii ni ya nani?" afisa akauliza, kwa upole tu.

Kabla Ndesario hajafungua mdomo, mzee alishasimama, kifua mbele. "Yangu! Nimepewa mahari ya binti yangu. Wazee hawa wote ni mashahidi."

Wazee wakaitikia, tena kwa furaha. Lo! Ndesario alikuwa amebanwa. Akinyamaza, pikipiki imekwenda. Akisema, amemkana mkwe wake mbele ya ukoo mzima.

"Ni yangu, afande," akasema. "Mzee anatania. Vibali hivi hapa."

Afisa akavisoma polepole, akamrudishia. "Vibali ni sawa kabisa, ndugu yangu. Lakini mzee amesema umempa, na mashahidi wameitikia. Siwezi kujifanya sikusikia."

Askari wawili wakaipakia. Ndesario akaomba, akang'ang'ania usukani, akaambiwa aachie. Akaachia. Angefanya nini?

Gari liliposhuka, akapiga magoti mbele ya mzee. "Baba, nisamehe. Nilikuwa najaribu kukuokolea mali yako."

"Mali yangu?" Mzee hakuwa hata na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Mbele ya watu umesema ni yako. Basi iliyochukuliwa ni yako. Mimi bado sijaletewa kitu."

Akageuka. "Jedidah, rudisha sanduku ndani."

Jedidah alimtazama Ndesario, akingoja aseme neno. Kisha akaliinua sanduku, akaingia ndani.