Kiti cha Nyuma ya Dereva

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 1995, saa kumi na robo alasiri, kwenye maegesho ya mabasi nje ya mji wa kale wa Ribe. Dakika naijua kwa sababu chombo cha kurekodi mwendo ndani ya basi kiliiandika tulipoondoka. Chombo hakina adabu za kumfichia mtu kosa. Wenyeviti ndio wanazo, wanafichiana wao kwa wao.

Mimi ni dereva. Shule niliiacha mapema nikaenda kukamua ng'ombe wa watu, halafu nikashika usukani. Siku hiyo chama cha wastaafu cha kijijini kwetu kilikodi basi kwenda kuona kanisa kuu na nyumba zake za kale zilizopinda kwa uzee. Mwenyekiti, Holger Bisgaard, mwalimu mkuu wa zamani, alipanga yote kwenye karatasi: kahawa saa ngapi, nyimbo ukurasa upi, kiglasi cha pombe chungu cha asubuhi kinywewe wapi. Mke wangu Karna alikuja pia. Alikaa nyuma yangu, peke yake, kama safari zote.

Kwetu watu wazima hawahesabiwi. Ukiwahesabu wananuna, eti umewafanya watoto wa chekechea. Dereva huuliza tu kwenye kipaza sauti: "Kuna anayemkosa jirani yake?" Wakinyamaza, gari linaondoka.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vioo. Nikamwambia Holger, "Leo hesabu vichwa, bwana."

"Evald, hawa si kondoo. Uliza, tuondoke. Supu inatungoja."

"Unaogopa hesabu, mwalimu mzima?" Dagny, mweka hazina wa chama, akamtania kutoka kiti cha tatu, na basi zima likacheka.

Niliuliza. Hakuna aliyemkosa jirani. Jirani wa Karna nilikuwa mimi, na mimi nilitazama mbele. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma niliona mkono wa koti lake. Ikanitosha.

Tulipofika nyumba ya mikutano ya kijiji, wote walishuka wakikimbilia supu. Kwenye kiti cha Karna kulikuwa na koti lake na mkoba tu. Nikadhani ametangulia nyumbani kuwasha jiko. Nyumbani jiko lilikuwa baridi. Saa moja jioni nilipiga simu polisi. Wakanijibu kwamba mama mmoja asiye na karatasi yoyote alianguka kule Ribe, kwenye kichochoro karibu na kanisa kuu, moyo ukasimama. Daktari aliandika saa ya kifo: saa tisa na dakika arobaini. Alikuwa amelazwa hospitalini kwenye chumba cha maiti, hana jina. Jina lake lilikuwa kwenye mkoba, nami nilikuwa nimelibeba kilomita themanini.

Mwaka mzima nilitaka kitu kimoja tu: Holger asimame mbele ya watu aseme, "Nilikataa kuhesabu." Hakusema. Alileta shada la maua lenye utepe wa chama.

Septemba iliyofuata akanipigia. Walitaka basi tena. Ribe tena. "Tunakutaka wewe, Evald, maana unajua pa kuegesha." Nilienda kwenye mkutano wao na viatu vyangu vya kazi. Walikuwa wanakula keki.

"Nitaendesha," nikasema, "mwenyekiti akikiri hapa hapa."

Holger akaweka uma chini. "Nikiri nini?"

"Kwamba nilikuomba uhesabu. Kwamba ungehesabu, ningerudi kichochoroni, nikae naye. Alilala kwa saa tatu nzima kama mzigo uliosahauliwa, Holger!"

"Umekasirika, naelewa..."

"Huelewi! Wewe ulikuwa unakunywa supu!"

Dagny akanishika mkono. "Evald, ndugu yangu, tusingekuacha uondoke bila Karna. Ulipouliza, alijibu. 'Tupo wote, baba, twende.' Mimi nilimsikia."

"Na mimi," akasema mmoja pembeni ya dirisha.

"Wote tulimsikia," Holger akasema, taratibu, uso umempauka. "Kwa nini unadhani sikuhesabu? Na kwa nini unadhani sijawahi kulisema? Nimesoma karatasi ya daktari, kama wewe."

Nilitaka kumwambia ni mwongo, kwamba wamekaa wakaitunga hadithi hiyo kujiosha. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mbali na binti yetu, hakuna aliyeniita baba isipokuwa Karna, tangu binti huyo azaliwe, na aliniita hivyo ndani ya nyumba tu. Dagny angelitoa wapi neno hilo?

Nikakaa. Wakanimiminia kahawa, sikuigusa.

Kuna jambo sikumwambia polisi, wala kasisi, wala binti yangu. Mimi pia nilimsikia. Na baada ya kuvuka daraja moja njiani, ukungu ulipokuwa mzito kabisa, nilimuuliza bila kugeuka, "Mama, umechoka?" Akasema, "Kidogo tu. Wewe tazama barabara." Tukaongea hivyo mpaka kijijini, habari za viazi, habari za paa linalovuja, na mara moja alicheka.

Daktari aliandika saa tisa na dakika arobaini. Chombo cha basi kiliandika saa kumi na robo. Sasa naomba mwenye elimu aniambie, Holger au yeyote: njia nzima ile, nilikuwa naongea na nani?