Nani Aliita Mchana Ule

Emerensiana alikaa kwenye stuli ndani ya kibanda cha fundi Salum, pale Majengo, kitambaa cha msiba kingali kichwani. Mezani palikuwa na kompyuta ya marehemu mumewe, Osmund, mwalimu wa kwaya. Iliwaka vizuri tu, ila ilikuwa bubu.

Jioni hiyo ukoo wa Osmund ungekaa kikao cha kuondoa matanga. Neno lao lilikuwa moja: Osmund alipoanguka alimwita mkewe, mke akasikia akanyamaza, basi nyumba aiache. Na kusikia alisikia kweli, mwenyewe alisema. Alikuwa uani anatwanga mahindi, jina lake likaitwa mara moja, kwa mbali, mwisho wake ukamezwa na mchi. Kwao Emerensiana, sauti ya mtu usiyemwona huiitikii inapoita mara moja. Unangoja irudie, maana wafu hawarudii. Akangoja. Haikurudia. Alipoingia ndani baadaye, Osmund alikuwa sakafuni, hana pumzi.

Kompyuta, ambayo Osmund alikuwa akijirekodia wimbo, ilikutwa bado inarekodi. Salum, aliyekuja kuizima, akaihifadhi ile sauti. Kabla hawajaisikiliza, radi ikaunguza kadi ya sauti.

"Kadi nimeweka nyingine, ya mtumba," Salum alisema. "Sasa inataka draiva yake, ile programu ya kuitambulisha kwa kompyuta. Nayo kompyuta haitaki kusikia. Marehemu aliogopa virusi, akakaza kila kitu. Ina kiburi hii, kama karani wa boma!"

Emerensiana hakucheka. "Utaweza, baba?"

"Naingia kwenye mambo ya usalama. Hapa palipoandikwa kuzuia, naweka kuonya. Basi, itauliza: hii siijui ilikotoka, niiruhusu? Lakini kubonyeza utabonyeza wewe, mama. Mali ya marehemu, matanga hayajaondoka. Mimi Myao wa Tunduru, sitaki ugomvi na mizimu yenu."

"Ya kwenu haina ugomvi?"

"Ugomvi inao. Ila haijui nilikohamia."

Dirisha dogo likatokea kwenye kioo, na alama ya onyo ya manjano. Salum akamsogezea kipanya, akamwonyesha pa kubonyeza. Emerensiana akakishika. Akabonyeza. Spika zikakohoa, zikaanza kuvuma.

Salum akaifungua ile rekodi.

Osmund alikuwa anaimba sauti ya tatu, polepole, akirudia mahali pamoja. Nyuma yake, mbali, mchi ulipiga kinuni: tu, tu, tu. Emerensiana akashika ukingo wa meza. Osmund akakohoa. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, kiti kikaanguka, na yeye pamoja nacho. Hakuita. Hakutoa hata neno.

"Alhamdulillahi," Salum alinong'ona. "Umesikia, mama? Hakukuita. Twende nayo kikaoni sasa hivi, wakome."

"Ngoja."

Mchi ulikuwa bado unapiga. Kisha sauti ikaita, karibu kabisa na kipaza sauti, ndani ya chumba kile.

"Emere!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, yenye mkwaruzo.

Salum alirudi nyuma mpaka akagonga rafu. "Mlikuwa na mgeni?"

"Hatukuwa na mgeni."

"Sasa huyo nani?"

Hakuna aliyewahi kumwita Emere isipokuwa mama yake, na mama yake walimzika Peramiho kabla Emerensiana hajaolewa. Alikuja kumwambia mumeo anakufa, njoo. Alikuja mchana, akaita mara moja, kama wanavyoita wafu.

Salum akanyoosha mkono aizime. Emerensiana akaushika.

"Iache, baba."

Ndani ya spika mchi ulikuwa umesimama. Palikuwa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza. Emerensiana akainama mpaka sikio likagusa spika.

Kisha mchi ukaanza tena. Tu, tu, tu.