Geuza Simu, Tuone Chumba

Mama yake kijana huyu hakuogopa kitu chini ya jua, isipokuwa stuli. Mbwa wa watu, radi, mwenye nyumba, wote aliwakabili kifua mbele. Lakini mwambie apande stuli abadilishe taa, miguu inageuka uji. Taa ya sebuleni ikiungua alikuwa anamwita jirani yake, Mama Pacha, kisha yeye mwenyewe anatoka nje kabisa, asije akaona hata mtu mwingine akipanda.

Ndiyo maana kijana wake hakuwahi kumweleza sawasawa kazi aliyokuwa akiifanya ughaibuni. "Nasafisha majengo, mama." Maneno hayo hayakuwa uongo, ila yalivaa kanzu ndefu ya kuficha miguu. Ukweli ni kwamba alikuwa anasafisha madirisha ya maghorofa, tena kwa nje, akining'inia kwenye kamba, ndoo kiunoni, ndege wakipita chini ya viatu vyake. Mama angesikia neno kamba, angetamka neno moja tu: rudi. Na kwao, mama akisema rudi hapana mjadala, mtu hufunga begi. Naye hakutaka kurudi. Aliipenda kazi ile kama wengine wanavyopenda mpira.

Tena kazi ile ndiyo iliyomlisha ukurasa wake wa mtandaoni, aliouita Dirishani. Akiwa juu huko, simu imefungwa kifundoni mwa mkono isije ikamwangukia mpita njia, alipiga picha za mapaa, mto na barabara zilizojaa magari madogo kama mende. Chini ya kila picha aliandika mistari miwili ya shairi, kwa ujuzi aliojifundisha mwenyewe, na kwa majivuno ambayo hakuna aliyemfundisha:

Asubuhi imefika, mapaa yameng'arika;
Ndege wako chini yangu, nani leo anishika?

Nyumbani watu walisoma, wakatumiana. Mama akamwambia kila aliyesimama karibu naye kwamba mwanawe anakaa ghorofa ya kumi na nane. Kijana hakuwahi kusema hivyo. Hakuwahi kukanusha pia. Sifa ni kama sukari, ikishaingia mdomoni nani anaitema?

Jioni moja simu ikalia. Mdogo wake wa kike ndiye aliyeishika kule nyumbani. Mama amejaa kwenye kioo, na nyuma ya bega lake jicho moja la Mama Pacha.

"Kila siku unatuonyesha nje," mama alisema. "Nje nimeichoka. Geuza simu, tuone chumba."

"Niko kazini bado, mama."

"Basi kesho asubuhi. Maana Mama Pacha anasema huenda huna chumba."

"Sikusema hivyo," Mama Pacha alilalamika.

"Ulisema kwa macho."

Chumba alikuwa nacho, ila kilikuwa chini ya ardhi, na kidirisha chake kilitazama viatu vya wapita njia. Alikaa humo na mwenzake wa kazi, aliyeitwa Mrefu kwa sababu alikuwa mfupi.

"Mwambie ukweli," Mrefu alisema, akikaanga mayai.

"Ukweli utanipandisha ndege kesho kutwa."

"Basi nenda kwa bibi wa ghorofa ya kumi na nane. Yule anakupenda. Kila ukimsafishia dirisha anakuonyesha paka."

Bibi huyo aliishi peke yake na paka wake. Kijana alipobisha mlango, akajieleza kwa lugha ya kule aliyoijua nusunusu, bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Alimwambia aje asubuhi, avue viatu, na paka asifichwe.

Asubuhi ilipofika alipanda kwanza juu ya paa. Kazi yao ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: hakuna anayeshuka kwa fundo lake mwenyewe. Mimi nafunga kamba yako, wewe unafunga yangu, na kila mmoja anavuta la mwenzake kwa uzito wote wa mwili. Siku hiyo walikubaliana Mrefu ashukie upande wa nyuma wa jengo, mbali na dirisha la bibi. Lakini kijana alikuwa anawaza sofa la bibi na mahali pa kusimama ili mama aone zulia, na mkono uliozoea haungoji akili. Akaifunga kamba ya Mrefu kwenye ile pete ya chuma ya kila siku, upande wa mbele. Akavuta, akaridhika, akakimbilia ngazi. Mrefu aliitazama pete, akamtazama rafiki yake akipotea mlangoni, akachukua ndoo yake. Baadaye aliapa kwamba alidhani ndio mpango.

Sebuleni kwa bibi mambo yalianza vizuri.

"Hilo ni sofa?" mama aliuliza.

"Sofa, mama."

"Mama Pacha, unaona sofa?"

"Naona. Na yule bibi aliyekaa juu yake?"

"Jirani," kijana alisema. Bibi akapunga mkono. Paka akapita mbele ya simu, mkia juu, kama mwenye nyumba, na kweli ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

"Sasa simama dirishani tukuone pamoja na mji wako," mama aliamuru.

Alisimama, mgongo kwa kioo, akatabasamu. Hakuona viatu viwili vikiteremka polepole nyuma ya kichwa chake. Vikafuata magoti, ndoo, kisha Mrefu mzima, sponji mkononi.

Mama aliusogeza uso kwenye simu. Halafu akasema kwa sauti ndogo sana, "Mwanangu, kuna mtu angani."

Kijana akageuka. Mrefu akampigia saluti kwa sponji.

"Mtoto wa watu huyo," mama alisema, mkono kifuani. "Mama yake anajua? Mfungulie dirisha."

"Halifunguki lote, mama."

"Fungua linapofika."

Bibi, ambaye hakuelewa neno lakini alielewa kila kitu, akanyoosha mkono akalifungua upana wa kiganja. Upepo ukaingia, na sauti ya Mrefu pamoja nao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nani kakutundika huko?"

"Mwanao, mama," Mrefu alisema. "Yeye ananifunga mimi, mimi namfunga yeye. Mwaka wa pili huu, na meno yangu yote bado yapo."

Simu kule nyumbani ikatazama dari, kisha mlango ukasikika ukifungwa.

"Ametoka nje," mdogo wake alinong'ona. "Kama siku za taa."

Kijana alikaa kwenye sofa lisilo lake, akalingoja lile neno moja. Alikwisha kuanza kulikunja moyoni kama nguo za safari. Bibi akamletea chai. Mrefu, nje, akaendelea kusugua kioo, maana kazi ni kazi.

Mlango ukalia tena. Mama akarudi kwenye simu, kanga imekazwa kiunoni.

"Picha zote zile, ulikuwa nje?"

"Nje, mama."

"Na chumba chako hasa kiko wapi?"

"Chini ya ardhi. Naona miguu ya watu."

"Afadhali," mama alisema. "Angalau kulala unalala mahali pa maana."

"Kumbe hana ghorofa," Mama Pacha alisema pembeni.

Mama hakumtazama hata. "Ana jengo zima, kwa nje. Wewe una upande gani?" Akarudi kwenye simu. "Huyo mfupi bado yupo?"

"Nipo, mama."

"Nionyeshe fundo unalomfungia mwanangu."

Mrefu akachukua ncha ya kamba ya akiba, akafunga mbele ya kioo, polepole. Mama alitazama kwa jicho moja, lingine amelifunika kwa kiganja.

"Vuta. Vuta vizuri, kwani hujala?"

Mrefu akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Haya," mama alisema. "Neno la kukurudisha lilishafika mdomoni. Nimelimeza, na limenikwaruza koo. Ila kila asubuhi kabla hamjashuka, nataka kuona mkono wa huyu kwenye kamba ya yule. Siku nisipoona, unarudi. Na ule ujanja wako tutauzungumza ukija likizo, nikiwa nimekaa mahali ambapo mkono wangu unakufikia."

"Sawa, mama."

Tangu siku hiyo ukurasa wa Dirishani ulifunguliwa kila asubuhi kwa picha ya mikono miwili na fundo. Wasomaji wengine walitania kwamba mwenye ghorofa amefilisika. Aliwajibu kwa shairi refu lenye makali, wakanyamaza.

Kisha siku moja, akiwa juu kabisa, mapaa yote yanawaka jua, simu ikatetemeka kifundoni. Picha kutoka kwa mama. Ilikuwa imepinda, lakini aliitambua: sebule ya kwao, ikitazamwa kutoka juu. Meza, viti, utosi wa Mama Pacha, na pembeni nusu ya taa mpya inayowaka. Chini ya picha mama alikuwa ameandika:

"Dirishani kwangu. Mdogo wako kashika stuli, Mama Pacha kamshika mdogo wako. Nimepanda mwenyewe. Sasa nashukaje?"