Orodha ya Kakontwe

Majina ya dawa yalikuwa yakipita kwenye skrini moja baada ya jingine, kutoka diski ya zamani kwenda diski mpya, nami nilikuwa nikiyalinganisha na karatasi kwa kalamu. Amoksilini, sawa. Kwinini, sawa. Programu mpya ya seva nilikuwa nimekwisha kuiweka tangu asubuhi. Zilibaki orodha mbili za kuhamisha: kwanza ya depo hii ya dawa ya Kikula, kisha ya duka letu dogo la Kakontwe.

Mama Hortense, mwenye depo, alisimama nyuma yangu, miwani kichwani.

"Gauthier, leo njo siku ya mwisho. Kama Kakontwe haioni dawa ya huku, nafunga kule. Jenny ameanza kuweka dawa mu makatoni."

Alisema kweli. Jenny, muuzaji wa kule, hakuweza kuona kilichobaki Kikula. Mgonjwa akikosa dawa kwake, alimtuma huku kwa pikipiki, na mara nyingi alikuta imekwisha. Programu ya zamani ilikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikataa kuunganishwa na duka la pili, na umeme ukikatika ghafla ilichukua karibu saa nzima kuamka. Watu wa Kakontwe walikuwa wameanza kupita bila kusimama.

Nilikuwa naweka alama ya mwisho ya Kikula taa zilipozimika. Sikushtuka, kwa sababu seva ilikuwa kwenye betri. Halafu nikasikia viatu vikikimbia. Papa Osée, mtunza stoo, aliinama chini ya meza akavuta plagi. Skrini ikawa nyeusi.

"Papa Osée! Umeua mashini!" Mama Hortense akapiga kelele.

"Minye? Mama, si ni weye unasemaka kila siku: courant ikienda, toa byote, bakisha frigo? Dawa ya sukari ikiharibika, utanikula muzima!"

Hakukosea. Kanuni hiyo, ya kuiachia friji betri zote, kila mtu pale anaijua, na imeokoa insulini ya wagonjwa mara nyingi. Mimi ndiye niliyekaa tangu asubuhi bila kumwambia kwamba leo plagi moja haiguswi.

"Kosa ni yangu, Papa. Sikukuambia."

"Sema tena, Mama asikie muzuri."

Mama Hortense hakucheka. "Rudisha diski ya zamani, Gauthier. Imekwisha."

"Mama, unipe dakika tano."

"Tano ya weye, ao tano ya saa?"

"Ya saa."

Aliitazama saa yake kweli. Diski ya zamani ilikuwa salama, kwa kuwa nilikuwa nimesoma tu kutoka kwake, sikuandika kitu. Nikachomeka plagi, nikabonyeza. Seva ya zamani, ikikatwa namna hii, ingekagua faili moja moja. Hii mpya ilikagua tu pale ilipokuwa ikiandika. Orodha ya Kikula ikatokea. Nikalinganisha mistari ishirini ya mwisho na karatasi, polepole, kisha nikairudia. Hakuna uliopotea. Chini yake iliandikwa: Kakontwe, bado.

"Imeamka kwa dakika ngapi, Mama?"

"Mbili," akasema. Akaitazama saa tena. "Na nusu."

"Basi endelea!" Papa Osée akasema.

Nikatazama taa za betri. Kakontwe ilihitaji saa mbili. Betri zikienda kwa seva, friji isingefika asubuhi.

"Hapana. Frigo kwanza, Papa iko na haki. Kakontwe tutaingiza kesho. Courant isiporudi, naleta jenereta ya shemeji yangu."

Mama Hortense alishusha miwani, akatafuta namba kwenye simu, akaiweka kwenye spika.

"Jenny, umefunga makatoni ngapi?"

"Munane, Mama."

"Fungua."

"Yote?"

"Ine, nusu. Ingine ine ingoje kesho."

Nikamwomba simu. "Jenny, kesho saa kumi na mbili asubuhi niko kwako. Uniandikie dawa zote kwa mukono, rafu kwa rafu, nipate kulinganisha."

"Gauthier! Iko dawa mia tatu hapa!"

"Anza na rafu ya juu."

Nilimsikia akicheka, kisha sauti ya katoni ikichanwa. Nikarudisha simu, nikaanza kuizima seva, hatua kwa hatua.